SOMO LA KIINGEREZA: “USED TO”, AU KUSEMA MAMBO YALIYOKUWA KAWAIDA YETU ZAMANI

Chukueni daftari na kalamu, maana somo la leo lina mazoezi mwishoni.

Leo tunajifunza namna ya kusema kwa Kiingereza mambo tuliyokuwa tukiyafanya zamani na hali tuliyokuwa nayo zamani. Tumechagua somo hili kwa sababu mkimbizi huulizwa habari za jana kuliko habari za leo. Ulikuwa unakaa wapi? Ulikuwa unafanya kazi gani? Nani walikuwa wanakuja nyumbani kwako? Maswali haya utayakuta katika Ofisi ya Waziri Mkuu, utayakuta UNHCR, utayakuta kwa mwalimu mkuu unapompeleka mtoto shule, na utayakuta kwa tajiri unapoomba kazi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2005, Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini fomu nyingi na barua nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yako, hata ukiyasema kwa Kiswahili, mwishowe huenda yakaandikwa kwa Kiingereza. Ni vizuri ujue yanaandikwaje.

1. “NILIKUWA” HUBEBA MIZIGO MITATU

Tazama sentensi hizi tatu za Kiswahili:

a) Nilikuwa ninapika walipofika.
b) Nilikuwa ninapika mandazi kila asubuhi.
c) Nilikuwa na duka.

Zote zinaanza na “nilikuwa”, lakini hazisemi jambo la namna moja. Ya kwanza ni kitendo kilichokuwa kinaendelea saa ile ile. Ya pili ni mazoea, jambo lililorudiwa siku nyingi. Ya tatu ni hali, jinsi mambo yalivyokuwa. Kiingereza huzitenganisha:

a) I was cooking when they arrived.
b) I used to make mandazi every morning.
c) I used to have a shop.

Sisi tuliosoma Kifaransa shuleni tuna shida ile ile kwa upande wa pili. “Je préparais” inaweza kuwa kitendo kilichokuwa kinaendelea na inaweza kuwa mazoea. “J'avais une boutique” ni hali. Kifaransa hutumia imparfait kwa zote tatu, na hakitulazimishi kuchagua. Kiingereza kinatulazimisha.

Sasa uone hatari yake. Mtu akisema, “Watu wenye silaha walikuwa wanakuja kwetu,” mkalimani anaweza kuandika “were coming”, yaani walikuwa njiani siku ile. Anaweza pia kuandika “used to come”, yaani walikuwa na desturi ya kuja. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Siku ya mahojiano ya pili ukieleza ile nyingine, afisa atalinganisha karatasi mbili na kuona kwamba hazipatani, ingawa wewe hukudanganya hata kidogo.

Ndugu wa Kivu na Katanga wana msaada mmoja mdomoni mwao. Kwetu husemwa “tulikuwaka tunalima” au “tulikuwaga tunalima”. Ile “-ka” au “-ga” tunayoiongeza mwishoni huonyesha kwamba jambo lilikuwa la kawaida. Walimu wa Kiswahili sanifu hawaipendi, lakini kwa somo la leo inatufaa: mara nyingi pale unapohisi kusema “tulikuwaka” ukiwa na maana ya mazoea, Kiingereza kitakubali “used to”. Katika Kiswahili sanifu tungesema “tulikuwa tukilima”.

2. JINSI YA KUUNDA SENTENSI

Weka mtu, kisha “used to”, kisha kitenzi kisichobadilishwa. Haibadiliki kwa mtu yeyote.

I used to live in Uvira. – Nilikuwa nakaa Uvira.
She used to sell sambaza. – Alikuwa akiuza sambaza.
We used to farm in the Ruzizi plain. – Tulikuwa tukilima katika bonde la Ruzizi.
They used to be our neighbours. – Walikuwa majirani zetu.

Kukanusha na kuuliza hutumia “did”. Hapo herufi “d” ya mwisho huondoka, kwa sababu “did” imekwisha kubeba wakati uliopita:

I didn't use to speak English. – Zamani sikuwa nasema Kiingereza.
Did you use to work? – Je, ulikuwa ukifanya kazi?

Katika matamshi, usiseme “yuzd tu”. Sema “yustu”, kwa sauti ya “s”. Lile “yuzd” ni neno jingine, lenye maana ya “alitumia”: “He used a hoe”, alitumia jembe.

Tena, “used to” haina wakati uliopo. Wengi husema “I use to pray every morning” wakitaka kusema kwamba wanaomba kila asubuhi hata leo. Hilo ni kosa. Kwa mazoea ya leo, pale ambapo Kiswahili husema “huomba”, Kiingereza husema tu “I pray every morning”, au “I usually pray in the morning”. Ile “hu-” ya Kiswahili ni mazoea ya sasa. “Used to” ni mazoea yaliyopita.

3. “USED TO” HUFUNGA MLANGO

Hili ndilo jambo kubwa la somo la leo. Ukisema “used to”, anayesikia anaelewa kwamba jambo hilo limekwisha, leo haliko tena. Kiswahili “nilikuwa” huweza kuuacha mlango wazi kidogo. “Used to” huufunga.

Entebbe used to be the capital of Uganda. Ni kweli, maana serikali ya kikoloni ilikaa Entebbe, na leo mji mkuu ni Kampala.
Kisangani used to be called Stanleyville. Ni kweli, jina hilo halitumiki tena.

Mlango huo unafaa sana katika ushuhuda. Mtu akisimama na kusema “I used to drink”, wote wanaelewa kwamba ameacha pombe. Hana haja ya kuongeza neno.

Lakini angalia sentensi hizi, ambazo watu huzisema bila kujua uzito wake:

“I used to have five children.” Afisa anaelewa kwamba leo huna watoto watano, kwamba labda wengine wamefariki. Kama wako hai, wawili Nakivale na watatu hapa, sema: “I have five children. Two are in Nakivale and three are with me.”

“I used to be married.” Maana yake ndoa imekwisha. Kama mume wako amepotea njiani na hujui aliko, ndoa haijaisha. Sema: “I am married. I don't know where my husband is.”

“My brother used to live in Bukavu.” Maana yake amehama au amefariki. Kama bado yuko huko, sema: “My brother lives in Bukavu.”

Vivyo hivyo kwa kazi ya mikono yako. Fundi cherehani akiulizwa kazi na kujibu “I used to be a tailor”, tajiri anaweza kudhani ameiacha au ameisahau. Ufundi haukubaki mpakani Bunagana. Sema: “I am a tailor. I had a workshop in Goma.” Duka limekwisha, kwa hiyo “had” inafaa. Ufundi haujaisha, kwa hiyo “am” inafaa. Muuguzi, mwalimu na seremala wafanye hivyo hivyo.

Basi kabla ya kutumia “used to”, jiulize: Je, jambo hili limekwisha kweli? Kama jibu ni ndiyo, litumie. Kama jibu ni hapana, usiufunge mlango ulio wazi.

4. MAHALI AMBAPO “USED TO” HAIFAI

Kwanza, haifai kwa jambo lililotokea mara moja. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Tunasema: “Nyiragongo erupted in 2002.” Hatusemi “Nyiragongo used to erupt in 2002”. Vilevile, kama nyumba yako ilichomwa usiku mmoja, ni “They burned our house”. Ukisema “They used to burn our house”, anayesikia atashangaa nyumba moja imechomwaje kila mara.

Pili, haifai pamoja na hesabu kamili ya muda. Usiseme “I used to live in Goma for ten years.” Sema: “I lived in Goma for ten years.” Nchi yetu pia ni mfano. Bila kutaja miaka tunasema: “Our country used to be called Zaire.” Tukitaja miaka tunasema: “From 1971 to 1997 our country was called Zaire.”

Tatu, haifai pamoja na hesabu kamili ya mara. Kama walikuja mara tatu tu, sema: “They came three times.” Lakini kama ilikuwa mara tatu kila juma, hayo ni mazoea, na unaweza kusema: “They used to come three times a week.”

Ukiwa na mashaka, kuna njia salama. Tumia wakati uliopita wa kawaida, kisha ongeza maneno ya muda: “every day”, kila siku, “every Saturday”, kila Jumamosi, “once”, mara moja, “many times”, mara nyingi. “I sold fish every day” ni Kiingereza kizuri, na hakuna atakayekuelewa vibaya. Ila ujue vitenzi vinavyobadilika: go hugeuka went, come hugeuka came, sell hugeuka sold, take hugeuka took, have hugeuka had. Kitenzi beat, yaani kupiga, hakibadiliki. “They beat us” inaweza kusikika kama jambo la leo au la zamani, kwa hiyo ongeza mwaka au siku.

5. “WOULD” NI NDUGU YAKE, LAKINI MWANGALIE

Waingereza wakisimulia habari ndefu ya zamani hawarudii “used to” katika kila sentensi. Huanza nayo mara moja, kisha huendelea na “would”:

“We used to sell cloth in Bukavu. Every Saturday we would wake up at five, we would tie the bundles, and we would walk to Kadutu market.”

Yaani: tulikuwa tukiuza vitambaa Bukavu, kila Jumamosi tulikuwa tukiamka saa kumi na moja, tukifunga mizigo na kutembea hadi soko la Kadutu.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, “would” haikubali hali, inakubali vitendo tu. Huwezi kusema “I would have a shop” ukiwa na maana ya “nilikuwa na duka”. Hapo tumia “used to have” au “had”. La pili, “would” ina maana nyingine ambayo wengi wetu tuliijua kwanza, nayo ni “-nge-”. Ukisema tu “I would go to Rutshuru”, bila kutaja siku wala mazoea, afisa anaweza kusikia “ningeenda Rutshuru”, kana kwamba uko tayari kurudi. Kumbe wewe ulitaka kusema kwamba zamani ulikuwa ukienda huko sokoni. Kwa anayejifunza, shauri letu ni hili: katika mahojiano tumia “used to” au wakati uliopita wa kawaida. “Would” iache kwa hadithi za nyumbani, hadi utakapoizoea.

6. “I AM USED TO” NI KITU KINGINE

Usichanganye hizi mbili:

I used to cook with charcoal. – Zamani nilikuwa nikipika kwa makaa, sasa sipiki hivyo.
I am used to cooking with charcoal. – Nimezoea kupika kwa makaa.

Ya pili ina “am”, na kitenzi kinachofuata kina “-ing”. Inaweza kufuatwa pia na jina la kitu: “I am used to matooke now”, sasa nimezoea matoke. Waliosoma Kifaransa huanguka hapa kwa sababu ya “je suis habitué à”, ambayo ni sawa na “I am used to”, si sawa na “I used to”. Kwa kitu unachoanza kukizoea, sema: “I am getting used to Luganda.”

7. UKIWA MBELE YA AFISA

Somo hili halimfundishi mtu kutunga habari. Linamsaidia asiharibu ukweli wake kwa kukosa neno. Kwa hiyo:

• Kama Kiingereza chako bado ni kidogo, omba mkalimani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkalimani katika kusikilizwa kwa maombi. Si aibu kumhitaji.

• Hata ukisema Kiswahili, msaidie mkalimani wako. Usiseme tu “walikuwa wanakuja”. Sema “walikuja mara moja, mwezi wa sita”, au “walikuwa na kawaida ya kuja kila mwisho wa mwezi”. Hapo hatabaki akikisia.

• Kama hukuelewa swali, usijibu kwa kubahatisha. Sema: “I don't understand. Please repeat.”

• Omba usomewe yaliyoandikwa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Sikiliza hasa “used to”, “was” na “once”. Kama neno si sahihi, sema mara ile ile.

Hizi ni sentensi nne za kukariri nyumbani:

It happened once. – Lilitokea mara moja.
It happened many times. – Lilitokea mara nyingi.
It was like that every week. – Ilikuwa hivyo kila juma.
It is still true today. – Ni kweli hata leo.

ZOEZI

Andika kwa Kiingereza katika daftari lako. Usitazame majibu kabla ya kumaliza.

1. Zamani nilikuwa nakaa Masisi.
2. Nilikaa Masisi kwa miaka sita.
3. Mama yangu alikuwa akiuza unga kila Jumamosi.
4. Tarehe moja ya mwezi wa tatu, walichukua ng'ombe wetu.
5. Nilikuwa ninalala walipobisha mlango.
6. Mimi ni mwalimu. Nilifundisha Uvira.
7. Zamani sikuwa nasema Luganda.
8. Nimezoea kuamka mapema.

MAJIBU

1. I used to live in Masisi.
2. I lived in Masisi for six years.
3. My mother used to sell flour every Saturday.
4. On the first of March, they took our cows.
5. I was sleeping when they knocked on the door.
6. I am a teacher. I taught in Uvira.
7. I didn't use to speak Luganda.
8. I am used to waking up early.

Aliyepata sita au zaidi amefanya vizuri. Aliyepata chini ya hapo arudie sehemu ya tatu na ya nne, kisha ajaribu tena kesho. Njia nzuri zaidi ni kusoma wawili wawili: mmoja auliza “What did you use to do in the Congo?”, mwingine ajibu kwa sentensi tano, kisha mnabadilishana. Wazazi, wakalisheni watoto wenu wanaosoma hapa Uganda wawasikilize. Wengi wao Kiingereza chao kimetutangulia, na nao watafurahi kusikia habari za nyumbani ambazo wengine hawakuziona kwa macho yao.

Anayetaka mwalimu wa ana kwa ana asikate tamaa kutafuta. Hapa Kampala wakimbizi wenyewe wamewahi kujipanga kufundishana: YARID, shirika lililoanzishwa mwaka 2007 na vijana wakimbizi kutoka Kongo, liliweka Kiingereza miongoni mwa mafundisho yake ya mwanzo. Penye watu watatu, ubao na chaki, darasa linaweza kuanza.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi kumi kuhusu maisha yako ya zamani. Tano ziwe za mambo yaliyokwisha, kwa “used to”. Tano ziwe za mambo ambayo bado unayo hata leo, bila “used to”. Mtakaoleta madaftari yenu tutayasahihisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Mpaka toleo lijalo, msomeni vizuri.